Olonana bin Mbatian na Siku ya Kedong

Huenda ndugu zetu wasomaji wakastaajabu kuona kuwa safari hii hatukueleza khabari za sahaba wala za mwanachuoni, bali za laiboni wa Kimasai ambaye hakupata kusilimu. Hatukughafilika. Muumini ameusiwa aichukue hekima popote aionapo, wala asiulize kwanza imetoka katika kinywa cha nani. Na zaidi ya hayo, katika kisa hiki mna deni letu sisi watu wa pwani, deni ambalo wazee wetu walipokuwa wakilisimulia walikuwa wakiliruka.

Olonana, ambaye Waingereza walimwandika Lenana, alikuwa mwana wa Mbatian, laiboni mkubwa wa Wamasai katika karne ya 19. Majina yao wawili yamo katika Mlima Kenya: Mackinder, aliyeupanda mwaka 1899, alikiita kilele cha juu kabisa Batian, na kingine akakiita Lenana. Laiboni si mfalme. Ni mtu wa kuagua na kutoa dawa, na morani humwendea kabla hawajatoka kwenda vitani. Hukumu ya sheria katika mambo ya uaguzi inajulikana, na si makusudio yetu leo.

Mbatian alipokaribia kufa, kiasi cha mwaka 1890, alikusudia kumwachia vyombo vyake Sendeyo, mwanawe mwingine. Wamasai huhadithia kuwa Olonana alilisikia neno hilo, akaamka alfajiri kabla ya ndugu yake, akaingia kwa baba yake ambaye macho yake yalikuwa yamedhoofika, akapokea yasiyokuwa yake. Kisa hiki chafanana mno na kile wakisomacho Ahlul-Kitabi juu ya wana wa Nabii Is-haq. Sisi hatuyakubali hayo kwa Manabii. Haya ya Wamasai twayaeleza kama wayaelezavyo wenyewe. Yakiwa ni kweli, basi mtu huyu tangu ujana wake alikuwa na akili inayogeuka upesi, na akili ya namna hiyo ni kama kisu, hukata nyama na hukata mkono.

Alichokirithi kilikuwa ni nchi iliyokufa. Miaka ile ile sotoka iliwamaliza ng'ombe, ndui ikafuata, kisha njaa. Watu walikufa njiani wakielekea kwa Wakikuyu kutafuta chakula. Juu ya hayo ndugu wawili wakapigana: Sendeyo akawa na wafuasi wake upande wa kusini, katika nchi iliyokuwa ya Wajarumani, na Olonana akabaki kaskazini akiwa dhaifu. Ikambidi atafute hifadhi kwa Waingereza katika ngome yao ya Fort Smith huko Kikuyu.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe. Misafara ya pwani, kutoka Pangani na Mombasa, ilikuwa ikipita nchi hiyo ya Naivasha kwa miaka mingi ikitafuta pembe, nayo ililipa hongo ya ushanga na nyaya kwa adabu, kwani Wamasai walikuwa wakiogopwa. Walipofika Waingereza na bunduki zao, baadhi ya wapagazi wetu walijiona kuwa wamepata mgongo wa kuegemea, na adabu ile ikaondoka. Mwezi wa Novemba mwaka 1895 msafara wa watu zaidi ya 1,000, wengi wao Wakikuyu na kiasi cha mia moja wao Waswahili, ulikuwa ukirudi kutoka Ravine, ambako ulipeleka chakula cha serikali. Haukuwa na Mzungu. Ulipofika bonde la Kedong, kusini ya Naivasha, chini ya mteremko ambao leo magari hushuka kwenda Mai Mahiu, watu wake waliwadhulumu wenyeji katika ng'ombe wao na wasichana wao. Morani wakainuka na mikuki, na zaidi ya nusu ya msafara ule wakauawa.

Siku hiyo huelezwa kwetu kuwa ni siku ya ukatili wa Wamasai. Walifanya ukatili, hapana shaka, kwani wengi waliokufa hawakuwa na kosa. Lakini uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kuwa uchokozi ulitoka kwa watu wa msafara. Sisi tunaohubiri juu ya dhulma za wengine yatupasa tuyaseme na haya.

Mfanyabiashara mmoja Mskoti, Andrew Dick, alikuwa karibu na hapo. Khabari ilipomfikia hakungoja. Alitoka na watu wachache pamoja na wasafiri wa Kifaransa, akawashambulia Wamasai, akawateka ng'ombe wengi, na yasemekana waliouawa kwa bunduki zile walikuwa kiasi cha 100. Kisha yeye mwenyewe akauawa kwa mkuki. Alikuwa mtu shujaa, lakini alikwenda na fikira ile ile aliyoondoka nayo, hakupata nafasi ya kuipindua.

Tazama basi hali aliyokuwa nayo Olonana. Morani walikuwa na damu ya ushindi. Waliwaua mamia, na wao wakauawa na watu wachache tu. Wafu wao na ng'ombe wao walioporwa walitaka kisasi, na Waingereza nchini walikuwa wachache, njia yao ya Uganda ingeweza kukatwa. Laiboni ambaye cheo chake kina mshindani hutamani kuwapa vijana wanachokitaka. Yeye aliangalia upande mwingine: kama watu wachache wenye bunduki wamefanya haya, itakuwaje wakija mia tano? Akaiacha njia ya vita, akachagua suluhu. Na upande wa Waingereza, John Ainsworth aliyekuwa akitawala kutoka Machakos naye aliuzuia mkono wake. Aliona kuwa Wamasai walichokozwa, akatosheka kwa kuwa wale ng'ombe aliowateka Dick hawakurudishwa. Watu wawili, kila mmoja akiwa na wafu wa kuwalilia, wakayageuza mawazo yao kwa siku chache, na nchi ikasalimika na vita.

Jambo hili si jepesi kama linavyosomeka. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimwelekeza mwenye ghadhabu aliyesimama aketi, na aliyeketi ajinyooshe, maana mwili ukibadili hali nafsi nayo hupata njia ya kubadilika. Nasi tumewaona watu, ndani ya msikiti, wakishikana kanzu kwa sababu ya kukhitalifiana katika sunna, na hapana aliyekumbuka kuketi.

Lakini hatumsifu Olonana mpaka mwisho. Mtu aliyeokoka mara moja kwa kukubali huzoea kukubali. Waingereza walimfanya mkubwa wa Wamasai wote, cheo ambacho mila yao haikukijua. Mwaka 1902 alipatana na Sendeyo, na hilo ni jema. Bali mwezi wa Agosti mwaka 1904, baada ya reli kwisha kupita, yeye na wazee wengine walitia alama zao katika mkataba wa kuziacha nyanda za Naivasha na Nakuru, Wamasai wagawanyike kati ya Laikipia na nchi ya kusini, kwa ahadi kuwa mpango huo utadumu maadamu Wamasai wapo. Kedong palihitaji uamuzi wa haraka, maana mikuki ilikuwa imekwisha kuinuliwa. Ardhi ilihitaji shura ndefu, na ukaidi pia.

Alikufa mwezi wa Machi mwaka 1911. Ilienezwa kuwa aliusia kabla ya kufa watu wake waiache Laikipia, na wengi wao hawakusadiki. Mwezi uliofuata mwanawe Segi, kijana bado, alitia alama katika mkataba wa pili ulioivunja ahadi ya kwanza, na haikuwa imetimia miaka saba. Ole Gilisho na wenziwe wakaenda mahakamani. Mwaka 1913 kesi yao ikatupwa, kwa hoja kuwa ule ulikuwa mkataba kati ya dola na dola, na mahakama haina kauli juu yake. Wakati huo ng'ombe walikwisha kuteremshwa kusini, na nyanda za Naivasha, ambazo babu zetu walikuwa wakizilipia hongo ya ushanga ili wapite, zilikuwa ni mashamba ya walowezi.