Dkt. Matthew Lukwiya: Aliyekubali Kuwa wa Mwisho

Wiki hii tunatazama maisha ya ndugu yetu wa jirani kabisa hapa Uganda, mtu ambaye watu wa Gulu hawajamsahau mpaka leo.

Matthew Lukwiya alizaliwa Novemba 1957 huko Kitgum, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa muuza samaki, akafa maji Matthew akiwa bado mtoto. Mama akabaki kulea watoto kwa biashara ndogo ndogo. Lakini kijana alikuwa moto darasani. Alisoma kwa ufadhili hadi akahitimu udaktari Makerere, na mwaka 1983 akafika Hospitali ya St. Mary's Lacor, hospitali ya misheni nje kidogo ya mji wa Gulu.

Baadaye alienda kusoma Liverpool, Uingereza, na akafanya vizuri sana. Angeweza kubaki huko ale mshahara mnono. Ukipima kwa faida na hasara, kurudi Gulu penye vita ilikuwa hasara tupu. Yeye akarudi.

Na alijua anarudi kwa nini. Ijumaa Kuu ya mwaka 1989, waasi walivamia hospitali wakitaka kuwachukua masista wa Kiitaliano. Lukwiya akajitoa, akasema wamchukue yeye. Wakamtembeza porini karibu wiki nzima kabla ya kumwachilia. Akarudi kazini.

Oktoba 2000 alikuwa Kampala akisomea afya ya umma. Simu ikapigwa kutoka Lacor: kuna ugonjwa wa ajabu unaua watu, hata wanafunzi wa uuguzi wamekufa. Akaacha masomo, akapanda kwenda Gulu. Alikesha akisoma faili za wagonjwa, moja baada ya nyingine, akaona dalili zinaelekea kwa Ebola. Hakungoja majibu ya maabara ya Afrika Kusini. Alifungua wodi ya kuwatenga wagonjwa na kuita Wizara ya Afya. Majibu yalipokuja, ilikuwa ni Ebola kweli.

Kazi ikawa ngumu. Manesi walivaa glavu, barakoa na gauni, na bado waliambukizwa. Novemba walikuwa wanazika wenzao, na waliobaki wakakusanyika wakitaka kuacha kazi. Tusiwahukumu. Walikuwa na watoto nyumbani. Lukwiya alizungumza nao kwa muda mrefu, akawaambia kwamba yeye anabaki. Wakarudi wodini. Walimwamini kwa sababu hakuwahi kumtuma mtu mahali ambapo yeye mwenyewe hakuingia.

Usiku mmoja mwezi huo, muuguzi mmoja wa kiume aliyekuwa mgonjwa alizidiwa, anakohoa damu. Lukwiya aliitwa, akavaa haraka akaingia kumhudumia. Alikuwa na gauni, glavu na barakoa, lakini macho hakuyafunika. Inaaminika ndipo alipoambukizwa. Alipougua, aliomba kwamba kama ni kufa, basi yeye awe wa mwisho. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000, akiwa na miaka 43, akaacha mke na watoto watano. Katika wafanyakazi wa Lacor waliouawa na ugonjwa ule, zaidi ya 10, yeye alikuwa wa mwisho.

Mlipuko ule ulipata watu 425, na 224 wakafa. Kama wodi ile ingechelewa kufunguliwa, hesabu ingekuwa kubwa zaidi. Lukwiya alizikwa pale pale hospitalini, kando ya kaburi la Dkt. Lucille Teasdale, aliyesaidia kuijenga Lacor na kumlea kikazi.

Kanisa, Korona ilipofika Kenya mwaka 2020, sisi pia tulizika madaktari, maklinikal ofisa na manesi. Tuliwapigia makofi, kisha tukasahau. Lukwiya anatufundisha kwamba heshima ya kweli inasimama upande wa mtu. Kama kuna mjane au yatima wa mhudumu wa afya katika ushirika wako wa nyumbani, mtembelee na umuulize karo imefika wapi. Kama kuna nesi anayekaa kiti cha nyuma kwa sababu ametoka zamu ya usiku, usimuulize kwa nini amechelewa. Msalimie, mwombee, na wahudumu wakidai glavu na mishahara yao, tusiwaone kama wasumbufu. Wao ndio huingia tukiwa sisi tunatoka.