Papa Aliyewalilia Askari wa Pande Zote



Wapendwa vijana, tumeingia Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu. Mwaka huu nataka tumtazame Papa mmoja ambaye hasimuliwi sana kwenye semina zetu wala kwenye makongamano ya vijana. Ni Papa Benedikto XV. Najua wengi tukisikia jina Benedikto tunamfikiria yule wa XVI. Lakini kumbe hata yeye, alipochagua jina hilo mwaka 2005, alikuwa anamkumbuka huyu wa XV, Papa wa miaka ya Vita Kuu ya Kwanza.

Jina lake la ubatizo ni Giacomo, wa ukoo wa della Chiesa. Alizaliwa tarehe 21 Novemba 1854 huko Genoa, Italia. Kijana Giacomo alitaka upadre mapema, ila baba yake alimtaka kwanza asome sheria. Akatii. Alipata shahada ya udaktari wa sheria mwaka 1875, kisha ndiyo akaenda seminari, na mwaka 1878 akapewa daraja la upadre. Kwa hiyo wewe ambaye wazazi wamekuambia umalize chuo kwanza, usikate tamaa. Ile sheria haikupotea bure, utaona.

Padre Giacomo hakupelekwa parokiani. Alipelekwa kwenye kazi za kidiplomasia za Vatikano, akakaa miaka kadhaa Hispania akiwa katibu wa balozi wa Papa. Wakati kipindupindu kilipozuka huko, naye alikuwa kati ya waliohangaika kuwasaidia wagonjwa. Mwaka 1907 akafanywa Askofu Mkuu wa Bologna, na Mei 1914 akawa Kardinali. Miezi mitatu tu baadaye, Papa Pio X akafariki, wakati vita imeshawaka Ulaya nzima.

Sasa hebu fikiria konklave ile. Makardinali wameingia kupiga kura, huyu ametoka Ufaransa, yule Ujerumani, mwingine Austria, na nje huko vijana wa mataifa yao wanauana. Tarehe 3 Septemba 1914 wakamchagua della Chiesa. Alikuwa mfupi na mwembamba kiasi kwamba hata kanzu nyeupe ndogo kuliko zote zilizokuwa zimeandaliwa ilimpwaya, ikabidi ibanwe kwa pini. Huyo ndiye aliyepewa Kanisa wakati mataifa makubwa ya dunia yamechinjana.

Kitu cha kwanza alichokataa ni kuchagua upande. Kila serikali ilimtaka aseme Mungu yuko nasi. Yeye aliona jambo moja rahisi ambalo wenye mizinga hawakutaka kuliona: askari Mfaransa Mkatoliki na askari Mjerumani Mkatoliki wamebatizwa kwa ubatizo mmoja, na mama zao wanasali rozari ileile. Baba hawezi kushangilia mtoto wake mmoja akimuua mwingine. Desemba 1914 aliziomba serikali zisimamishe mapigano walau kwa ajili ya Noeli. Zikakataa. Sehemu fulani za mstari wa mbele askari wenyewe waliweka silaha chini siku ile, wakasalimiana na kuwazika wenzao waliokuwa wamelala katikati. Halafu wakarudishwa kupigana.

Ndugu yangu, kutochagua upande kulimgharimu. Kwa Wafaransa alionekana Papa wa Wajerumani, na kwa Wajerumani alionekana Papa wa Wafaransa. Nyumbani kwake Italia jina lake, lenye maana ya aliyebarikiwa, liligeuzwa kwa dhihaka kuwa aliyelaaniwa. Mwaka 1915 Italia ilipoingia vitani, mkataba wa siri uliosainiwa London ulikuwa na kipengele cha kuhakikisha Vatikano haitaitwa kwenye mazungumzo ya amani. Yaani walimfungia mlango mapema.

Sasa mtu aliyefungiwa mlango afanye nini? Hapa ndipo ninapompenda mzee huyu. Aliamua kuhesabu watu. Wakuu wa majeshi walikuwa wanahesabu vikosi, yeye akafungua ofisi ndani ya Vatikano ya kumtafuta mtu mmoja mmoja. Mama anaandika kwamba mwanawe hajaleta barua tangu Machi, je, yu hai, amefungwa, amekufa? Ofisi ile inaandika kwa maaskofu na mabalozi wa Papa, nao wanatuma watu makambini, majibu yanarudi. Inakadiriwa kwamba barua zipatazo 600,000 zilipita pale, na kati ya hizo 170,000 zilikuwa za kuulizia waliopotea. Kila barua ilikuwa na jina la mtu.

Alihangaika pia na wafungwa wagonjwa. Kwa mazungumzo ya Vatikano na Uswisi, nchi isiyokuwa vitani, kuanzia mwaka 1916 wafungwa wenye kifua kikuu na majeraha makubwa, kutoka pande zote mbili, walianza kupelekwa Uswisi kutibiwa badala ya kufia kambini. Ule usomi wake wa sheria na ile miaka ya udiplomasia sasa vilikuwa vinaokoa watu. Mwaka 1915 alimwandikia pia Sultani wa Uturuki kuwatetea Waarmenia waliokuwa wakiuawa.

Tarehe 1 Agosti 1917 akatuma barua ya amani kwa viongozi wa nchi zote zilizopigana. Haikuwa barua ya maneno matamu tu. Ilikuwa na hoja: silaha zipunguzwe, magomvi yaamuliwe na wasuluhishi, Ubelgiji iachiwe, maeneo yaliyotekwa yarudishwe, na madai ya fidia yasamehewe pande zote. Hata makoloni ya Ujerumani yalitajwa kati ya vya kurudishwa, na hapo ujue ni sisi tunaosemwa, ardhi ya babu zetu ikiwa mezani bila wao kuulizwa. Hilo nalo ni sehemu ya habari, silifichi. Barua ile haikumfurahisha mtu. Rais Wilson wa Marekani aliikataa, na wengine wakaipuuza. Vita ikaendelea zaidi ya mwaka mzima, na vijana wakaendelea kufa kila siku.

Vita ilipokwisha Novemba 1918, askari waliokufa walikuwa karibu milioni kumi. Tukisema milioni kumi kichwa kinakubali haraka na moyo unabaki ulivyo. Papa Benedikto alijua hatari hiyo, ndiyo maana jibu lake kwa wafu lilikuwa altareni.

Tarehe 10 Agosti 1915 alitoa hati iliyomruhusu kila padre duniani kuadhimisha Misa tatu siku ya Marehemu Wote. Zamani ruhusa hiyo ilikuwa ya Hispania, Ureno na Amerika ya Kilatini. Misa moja padre anaichagulia nia mwenyewe, ya pili ni kwa marehemu wote, na ya tatu kwa nia ya Baba Mtakatifu. Wakati huo makaburi yalikuwa yanachimbwa kwa wingi kuliko mapadre wa kuzika, na maelfu ya mapadre wenyewe walikuwa wamevalishwa sare za jeshi. Wapo waliokufa bila kitubio, bila mpako, bila hata jeneza. Papa alitaka kila mmoja wao awe na Misa. Kwa hiyo tarehe 2 Novemba ukiona parokia yako ina Misa tatu, kumbuka kwamba desturi hiyo ilienea duniani kote wakati wa vita, kwa sababu ya maiti zisizo na wa kuzisalia.

Mei 1917 akaagiza pia Bikira Maria aitwe Malkia wa Amani katika Litania yake. Kila tunapolitamka jina hilo jumuiyani baada ya rozari, tunasali sala iliyozaliwa katikati ya mabomu.

Sasa labda unasema, haya yote ni mambo ya Ulaya. Hapana. Vita ile ilifika hapa kwetu. Tarehe 2 Novemba 1914, siku yenyewe ya Marehemu Wote, meli za Waingereza zilifika Tanga zikiwa na askari wengi kutoka India, na siku chache zilizofuata watu wakaangamia kwenye mashamba na mitaa ya mji ule. Mapigano ya Afrika Mashariki yaliendelea hadi tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Waafrika walipigana na Waafrika kwa ajili ya bendera mbili za kigeni.

Na waliokufa zaidi hawakuwa na bunduki. Walikuwa wapagazi. Waingereza na washirika wao waliwachukua watu karibu milioni moja kubeba risasi, vyakula na mizinga kwa kichwa na mabega, wengi kwa kulazimishwa. Waliokufa kwa njaa, kuhara, malaria na uchovu walikuwa si chini ya 95,000, na hapo hujahesabu wa upande wa Wajerumani, wala wanakijiji walioporwa chakula chao. Jina la Kariakoo, soko tunalokwenda kununua nguo za Krismasi, limetokana na kikosi hicho cha wapagazi. Tunabishana bei juu ya jina la marehemu.

Kila nipitapo kwenye Sanamu ya Askari pale katikati ya Dar es Salaam, iliyowekwa mwaka 1927, huwa najiuliza mpagazi yuko wapi. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba waliokufa katika utumishi wa Uingereza na hawakuandikwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, ni angalau 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Mzungu alipata jiwe lenye jina. Mwafrika, mara nyingi, hakupata hata alama. Sasa weka jambo hilo kando ya ile ofisi ya Vatikano iliyotafuta jina moja moja, utaelewa kwa nini naona kuhesabu watu vizuri ni tendo la huruma.

Papa Benedikto hakupumzika baada ya vita. Watoto wa nchi zilizoshindwa walikuwa wanakufa njaa, na wengi walisema waache wafe, ni watoto wa adui. Yeye akaagiza mchango ufanyike makanisani sikukuu ya Watoto Mashahidi, Desemba 1919, kwa ajili ya watoto wa Ulaya ya Kati. Tarehe 6 Juni 1920 aliwatangaza Mashahidi wa Uganda kuwa wenyeheri. Mwaka mmoja na nusu tu baada ya vita iliyowatumia Waafrika kama punda, Kanisa likaweka Waafrika 22 mbele ya dunia, kila mmoja kwa jina lake: Karoli Lwanga, Kizito, Matia Mulumba na wenzao.

Alifariki tarehe 22 Januari 1922 kwa nimonia, akiwa na miaka 67. Alikuwa ametoa misaada mingi kiasi kwamba hazina ya Vatikano ilikuwa karibu tupu. Mwezi mmoja tu kabla, Istanbul, mji wa nchi ya Waislamu, ilizinduliwa sanamu yake kwa michango ya watu wa dini mbalimbali, maana katika vita aliwasaidia bila kuuliza mtu anasali wapi. Ndani ya Basilika ya Mt. Petro Roma yupo amechongwa amepiga magoti akisali juu ya kaburi lililofunikwa matawi ya mzeituni. Mapapa wengi wamechongwa wakibariki. Huyu amechongwa akiwaombea waliokufa vitani.

Je, alishindwa? Kwa hesabu za wanasiasa, ndiyo. Hakusimamisha vita, na miaka 17 baada ya kifo chake ikaja nyingine kubwa zaidi. Lakini mama aliyepata jibu kwamba mwanawe yu hai, na yule aliyepata angalau kujua alipozikwa, hao wasingesema alishindwa.

Basi sisi tufanye nini? Kwanza, kwenye ile bahasha ya marehemu, ukishaandika majina ya kwenu, ongeza mstari mmoja: wapagazi na askari wasio na jina. Pili, kati ya tarehe 1 na 8 Novemba nenda makaburini ukawaombee marehemu upate rehema kamili kwa ajili yao, ukitimiza masharti: kitubio, Komunyo na sala kwa nia za Baba Mtakatifu. Kama makaburi ya vita yako jirani, pita na huko, usichague taifa. Tatu, wakumbuke wa karibu. Kila 25 Julai taifa letu linawakumbuka mashujaa, na Desemba 2017 askari wetu wa kulinda amani waliuawa Semuliki, Kongo. Wana wajane na watoto, na huenda mmoja wao yuko kwaya moja na wewe. Nne, chunga mdomo na simu. Ukiletewa video ya maiti za vita ukaambiwa cheka kwa sababu ni wa upande ule, usicheke wala usiisambaze. Yule pia kuna mama anayeulizia.

Tusali. Ee Bwana Yesu, wewe uliyemlilia Lazaro kaburini, uwapokee wote waliokufa katika vita, waliobeba bunduki na waliobeba mizigo, wenye makaburi na wasio nayo. Majina tuliyoyapoteza sisi, wewe unayo. Utufundishe kumwona ndugu pale tunapoambiwa kuna adui. Amina.

Maria, Malkia wa Amani, utuombee. Novemba njema, wapendwa.