Bell wa Karamoja: Risasi Ndogo, Ndovu 1,011

Ukitajiwa Mumias unafikiria nini? Sukari, si ndiyo? Sasa rudi nyuma zaidi ya miaka 100. Wakati huo Mumias ilikuwa kituo cha misafara. Wafanyabiashara wa pembe za ndovu walipumzika hapo, wakanunua chakula, kisha wakashika njia ya kaskazini kuelekea Karamoja, ng'ambo ya Turkana na Pokot. Mmoja wao alikuwa kijana Mskoti mwenye bunduki ambayo wawindaji wengi wangeiona kama ya kuwindia paa.

Jina lake Walter Dalrymple Maitland Bell. Wengi walimjua kama Karamojo Bell.

Alizaliwa Scotland mwaka wa 1880. Wazazi wake walifariki akiwa bado mtoto, akalelewa na ndugu zake wakubwa. Shule ilimshinda, bana. Si ati alikuwa mjinga, ni vile tu akili yake ilikuwa Afrika. Alitoroka, akaenda zake baharini akiwa bado mvulana. (Mimi mwenyewe niliacha chuo katikati, kwa hivyo usinitarajie nimcheke.)

Mwaka wa 1897 alikuwa ashafika hapa kwetu. Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa ikijengwa, na simba walikuwa wakisumbua wafanyakazi. Bell, hata miaka 20 hajafikisha, akapewa kazi ya kuwapiga risasi. Baadaye akaenda Klondike, Canada, kulikokuwa na dhahabu, akawa anawinda na kuuza nyama. Mshirika wake akahepa na pesa zote. Ili arudi Afrika, akajiunga na wanajeshi wa Canada waliokuja kupigana vita vya Makaburu. Vita vilipoisha, akarudi Afrika Mashariki na kuingia Karamoja.

Sasa skiza vizuri, kwa sababu hapa ndipo jina lake lilipotokea.

Wawindaji wa ndovu wa enzi hiyo waliamini kitu kimoja: mnyama mkubwa, risasi kubwa. Risasi ya bunduki ya .577 ilikuwa na uzito wa karibu gramu 49, na bunduki yenyewe ilikuwa mzigo wa kilo sita hivi. Bell akachukua Rigby .275 yenye risasi ya gramu 11 na kitu. Yaani chini ya robo ya ile nyingine!

Ilifanyaje kazi? Kwanza, haikuwa risasi laini inayopasuka ikigonga. Ilikuwa ngumu, imevikwa chuma, ncha yake mviringo. Pili, ilikuwa nyembamba na ndefu. Risasi ya namna hiyo haitoboi shimo kubwa, lakini inanyooka na kuzama ndani hata ikikutana na mfupa. Tatu ni teke. Bunduki kubwa inakupiga bega vibaya, na ukishapigwa mara kadhaa mwili unaanza kuogopa kabla kidole hakijavuta. Macho yanajifumba, bega linajikaza, risasi inaenda kando. Ile ndogo ilimwacha mtulivu.

Lakini uzito peke yake hauelezi kila kitu. Bell alipasua fuvu la ndovu kwa msumeno, katikati kabisa, aone ubongo umekaa wapi. Njiani alijizoeza kulenga na kuvuta bila risasi, tena na tena. Alijifunza hata kulenga kutoka nyuma kwa pembeni, ndovu akiwa anaondoka. Kwa hivyo gramu 11 zilitosha kwa sababu alijua zinaelekea wapi.

Walioiga bunduki yake bila kuiga mazoezi walijeruhi wanyama, na ndovu aliyejeruhiwa si mchezo. Ndiyo maana baadaye sheria katika sehemu nyingi za Afrika ziliweka kipimo cha chini cha risasi kwa wanyama hatari. Na usidhani hesabu ni ile ile kwa kila bunduki. Ya Bell ilipakiwa kwa mkono. Zile zinazojipakia zenyewe nyingi hutumia gesi ya risasi iliyotangulia kuvuta inayofuata, kwa hivyo uzito usiofaa unaweza kuikwamisha bunduki au kuichakaza kabla hata hujamfikiria mnyama.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, Bell akawa rubani, akaruka pia katika vita vya Tanganyika. Mwishowe akarudi Scotland, akaandika vitabu, akafa mwaka wa 1954.

Aliacha hesabu yake: ndovu 1,011, wengi wao kwa ile bunduki ndogo. Pembe zao zilibebwa na wapagazi ambao majina yao hayajulikani kama lake, kwa miguu, siku baada ya siku, ndipo ziuzwe.

Hapo ndipo mimi hukwama. Ninamheshimu yule kijana aliyekataa kufuata umati, akasoma fuvu wakati wengine wananunua mtutu mkubwa zaidi. Lakini bidii yote hiyo ilienda wapi? Kwa pembe. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977. Mwaka wa 1989, Rais Moi alichoma tani 12 za pembe katika Mbuga ya Nairobi, dunia nzima ikitazama. Sensa ya 2021 ilihesabu ndovu 36,280 nchini. Ukigawanya na hesabu ya Bell, ni kama wanaume 36 tu wa aina yake, na hatuna ndovu hata mmoja.

Kwa hivyo ukichukua somo kwake, chukua lote. Huhitaji kifaa kikubwa, unahitaji kukijua ulicho nacho. Halafu kabla hujavuta, jiulize unalenga nini.