William Eccles: aliyeupa umeme kumbukumbu

Wanafunzi wa lugha tumezoea kusoma maisha ya washairi, wanasarufi na watunga kamusi. Safari hii nawaomba wasomaji wanifuate hadi kwa mwanafizikia. Kifaa alichokibuni kimo ndani ya kila simu na kila kompyuta ya fakulte yetu, na yeye mwenyewe alikuwa mtunga maneno.

William Henry Eccles alizaliwa tarehe 23 Agosti 1875 huko Barrow-in-Furness, mji wa chuma na meli kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Alisoma fizikia London, katika Royal College of Science, akahitimu mwaka 1898. Kisha akawa msaidizi wa Marconi, wakati ambapo kupeleka habari bila waya kulikuwa bado jambo la kubahatisha. Mafundi walishangaa kuona mawimbi ya redio yakifika mbali zaidi usiku kuliko mchana. Mwaka 1912 Eccles alitoa maelezo: miale ya jua huipa hewa ya juu chaji za umeme, na hewa hiyo huathiri njia ya mawimbi. Hivyo mchana na usiku haviwezi kufanana.

Mwaka 1916, vita vikiendelea, alikuwa profesa katika chuo cha ufundi cha Finsbury, London. Tarehe 21 Juni 1918, yeye na mwenzake Frank Wilfred Jordan waliomba hataza ya saketi yenye vali mbili za utupu. Mwaka uliofuata wakaieleza katika jarida la mafundi umeme.

Wazo lao linaeleweka hata kwetu sisi tusio wahandisi. Fikiria watoto wawili kwenye ubao wa bembea: mmoja akishuka, mwenzake hupanda. Eccles na Jordan waliunganisha vali mbili ili kila moja iizuie nyingine. Hii ikipitisha mkondo, ile hufungwa. Na ile ikifungwa, hii hubaki wazi. Ukiipa saketi msukumo mfupi wa umeme, hali hugeuka. Msukumo ukiisha, hali mpya haiondoki. Hapo ndipo penye jambo kubwa: msukumo umepita, lakini saketi bado inashikilia alama yake. Umeme umepata kumbukumbu ya neno moja: ndiyo au hapana.

Wao waliiita relei ya kufyatuka. Jina la flipu-flopu lilikuja baadaye, nalo ni zawadi kwa mwanaisimu. Ni tanakali sauti yenye uradidi: konsonanti hazibadiliki, irabu tu ndiyo inayogeuka kutoka i kwenda o. Saketi nayo hufanya vivyo hivyo: viungo ni vilevile, hali tu ndiyo inayogeuka. Lakini Kiingereza hulitumia neno hilo pia kwa ndara za mpira, na mfasiri mvivu angeweza kuandika kandambili, msomaji akabaki kutafuta viatu ndani ya kompyuta.

Eccles hakuwa mvivu wa namna hiyo. Mwaka 1919 vali yenye ncha mbili ilikuwa na majina mengi yasiyopatana. Akachukua Kigiriki, mbili na njia, akaunda neno dayodi. Alihesabu kilichopo ndani ya kifaa, akakiita kwa hesabu hiyo. Miaka zaidi ya 100 imepita, vali zimekuwa adimu madukani, na neno bado lipo.

Alipata heshima akiwa hai. Alichaguliwa kuingia Royal Society mwaka 1921, na baadaye aliongoza chama cha wahandisi wa umeme cha nchi yake. Lakini tunda kubwa la saketi yake lilifichwa. Katika Vita vya Pili, Tommy Flowers alijenga Colossus, mashine ya kufumbua siri za Wajerumani, akitumia saketi za aina ya Eccles na Jordan. Mashine ilisoma herufi 5,000 kwa sekunde kutoka kwenye utepe wa karatasi, na utepe unaokimbia hivyo hauwezi kwenda kwa mwendo uleule daima. Flowers aliyachukua mapigo ya saa kutoka kwenye matundu ya utepe wenyewe. Utepe ukichelewa kidogo, saa nayo huchelewa pamoja nao. Colossus ilibaki siri hadi miaka ya 1970. Eccles alifariki Oxford tarehe 29 Aprili 1966, akiwa na umri wa miaka 90, kabla siri hiyo haijatolewa hadharani.

Aliacha pia tatizo. Flipu-flopu ya leo hupokea habari pigo la saa linapofika. Habari lazima itulie muda mfupi kabla ya pigo na muda mfupi baada yake. Ikibadilika katikati ya dirisha hilo, ubao wa bembea unaweza kusimama sawasawa, si juu wala chini, na hakuna ajuaye utaegemea wapi wala lini. Mwaka 1973 wahandisi Chaney na Molnar walionyesha kwamba jambo hili hutokea kweli, wakati wengi walikuwa wakilipuuza. Dawa iliyozoeleka ni kupanga flipu-flopu mbili mfululizo, ili ya kwanza ipewe pigo zima la kutulia kabla ya ya pili kuisoma. Kila muda wa kusubiri unapoongezwa, hatari hupungua kwa kasi kubwa. Lakini haifiki sifuri kamwe.

Nimejifunza mambo mawili kwa mtu huyu. Kwanza, kumbukumbu ya kuaminika si nguvu ya kushika tu. Ni subira ya kungoja neno litulie kabla ya kuliandika. Pili, anayekijua kitu kwa ndani ndiye anayeweza kukipa jina la kudumu. Sisi tunaotaka Kiswahili kifundishe sayansi, tusianze na kamusi. Tuanze kwa kufungua kifaa na kuhesabu njia zake.