Ada Lovelace: Aliyelifanya Kosa Lionekane

Mwalimu wa shule ya msingi huishi na makosa. Kila siku madaftari hupangwa mezani pake, naye huyapitia kwa kalamu nyekundu, akitia alama ya vema hapa na alama ya kosa pale. Alama ya kosa humwarifu mtoto kwamba amekosa. Haimwarifu amekosea wapi. Mtoto aliyeandika kuwa 52 kutoa 27 ni 35 hurudishiwa daftari lake, akaitazama ile alama, na kesho yake akakosea vilevile.

Wako watu wengine ambao kusaka makosa ni sehemu kubwa ya kazi yao, nao ni waandishi wa programu za kompyuta. Programu inapotoa jibu lisilo sahihi, mwandishi wake haridhiki na kulitazama jibu. Hufungua chombo maalumu ambacho huonyesha madirisha kadhaa katika kioo cha kompyuta. Dirisha moja lina maagizo ya programu, mstari kwa mstari, na alama ndogo hukaa kwenye agizo linalohusika wakati huo. Dirisha la pili lina thamani za namba zote zinazoshughulikiwa. Mwandishi huisimamisha programu mahali anapopashuku, kisha huiendesha hatua moja moja, huku akitazama ni namba ipi iliyobadilika na ni ipi iliyobaki kama ilivyokuwa. Hatua inapotoa namba asiyoitarajia, hapo ndipo penye kosa.

Chombo hicho ni cha zama zetu, lakini mwaka 1843, karibu miaka 100 kabla ya kompyuta za umeme, palichapishwa huko London jedwali lililofanya kazi inayofanana nayo juu ya karatasi. Mwenye jedwali hilo alikuwa mwanamke wa Kiingereza, Ada Lovelace. Yafaa mwalimu anayejiandaa kwa kazi ayajue maisha yake, kwa sababu ndani yake mna njia ya kufundishia ambayo haihitaji kompyuta wala umeme.

Malezi na Elimu Yake

Augusta Ada Byron alizaliwa London tarehe 10 Desemba 1815. Baba yake alikuwa Lord Byron, mshairi ambaye sifa zake zilikuwa zimeenea Ulaya nzima. Mama yake, Annabella, alikuwa mtu wa ukoo wenye mali, naye alipenda hisabati tangu ujana wake. Ndoa yao ilidumu mwaka mmoja tu. Ada alipokuwa na umri wa mwezi mmoja hivi, mama alimchukua akarudi naye kwa wazazi wake. Byron aliondoka Uingereza mwezi Aprili 1816 asirejee tena, akafia Ugiriki mwaka 1824. Binti hakupata kumjua baba yake.

Mama aliogopa kwamba mtoto angerithi tabia za baba. Kwa ajili hiyo aliamuru afundishwe hisabati na sayansi kwa ratiba kali, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa wasichana wa siku zile. Hata hivyo ndoto za mtoto hazikuzimika. Alipokuwa na umri wa miaka 12 alitaka kuruka angani. Alichunguza maumbile ya ndege, akawaza juu ya vitu vya kutengenezea mabawa na ukubwa wake. Mwaka 1829 aliugua surua, miguu ikapooza, akalala kitandani kwa muda mrefu na baadaye akatembea kwa magongo. Masomo yake hayakukoma.

Walimu wake walikuwa wengi. Mmoja alikuwa Mary Somerville, mwanamke aliyeheshimiwa sana kwa elimu yake ya hisabati na ya nyota. Mwingine, kuanzia mwaka 1840, alikuwa Augustus De Morgan, profesa wa hisabati, aliyemfundisha kwa kuandikiana barua. Barua hizo zaonyesha mwanafunzi wa namna gani alikuwa. Hatua fulani ya hesabu isipomwelea, hakuipita kimya. Aliitaja hatua yenyewe, akauliza imetoka wapi.

Kukutana na Babbage

Mwezi Juni 1833, akiwa na miaka 17, Ada alikutana na Charles Babbage, mwanahisabati aliyekuwa akiunda mashine ya kufanyia hesabu. Babbage alisukumwa na kero moja. Vitabu vya majedwali ya namba vilivyotumiwa na mabaharia, wapimaji na wahandisi vilikuwa na makosa mengi. Wengine walikosea katika kukokotoa, wengine katika kunakili, wengine katika kupanga herufi za chapa, na msomaji aliona namba ya mwisho tu, hivyo hakuwa na njia ya kujua. Babbage alitaka mashine ikokotoe na kuchapa yenyewe. Serikali ilitumia zaidi ya pauni 17,000 katika kazi hiyo, ikaiacha mwaka 1842 mashine haijakamilika.

Wakati huo Babbage alikwisha kubuni mashine nyingine kubwa zaidi, nayo ni Mashine ya Uchanganuzi. Ilikuwa iwe na sehemu mbili kuu: ghala, ambamo namba zingehifadhiwa katika nguzo za magurudumu yenye tarakimu, na kinu, ambamo namba zingejumlishwa, zingetolewa, zingezidishwa na kugawanywa. Maagizo yangeingizwa kwa kadi zilizotobolewa, mfano wa zile zilizoongoza vitanda vya kufumia hariri huko Ufaransa. Mashine hiyo haikujengwa kamwe. Ilibaki katika michoro.

Ada aliolewa na William King mwaka 1835, akazaa watoto watatu. Mumewe alipopewa cheo cha Earl wa Lovelace mwaka 1838, yeye naye akawa Lady Lovelace. Kazi ya nyumba na maradhi ya mara kwa mara havikumwondolea hamu ya kuielewa mashine ya rafiki yake.

Jedwali la Mwaka 1843

Mwaka 1842 Luigi Menabrea, mhandisi wa Kiitalia, alichapisha kwa Kifaransa makala iliyoieleza mashine hiyo. Ada aliitafsiri kwa Kiingereza, kisha akaongeza maelezo yake mwenyewe saba, yaliyopewa herufi A hadi G. Maelezo hayo yalikuwa marefu karibu mara tatu kuliko makala yenyewe. Yalitoka mwaka 1843, nayo yakatiwa herufi tatu tu za jina lake.

Katika maelezo ya mwisho alitaka kuthibitisha kwamba mashine ingeweza kukokotoa jambo gumu bila mtu kulikokotoa kwanza. Alichagua namba za Bernoulli, ambazo kila moja hupatikana kwa kutumia zile zilizoitangulia. Kazi ilimtaabisha mno wakati wa kiangazi cha mwaka ule. Alibadilishana karatasi na Babbage karibu kila siku, akasahihisha na kuandika upya, na jedwali alilolichora kwa kalamu ya risasi mumewe akalipitia kwa wino. Katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1864, Babbage alieleza kwamba alikuwa amejitolea kumfanyia sehemu ya aljebra ili kumpunguzia kazi, naye Ada akamrudishia, baada ya kuona kosa kubwa ndani yake. Babbage alikuwa ameandika mifano ya maagizo ya mashine yake kabla ya hapo, lakini hakuichapisha. Jedwali la Ada ndilo lililowafikia wasomaji.

Sasa tulitazame jedwali lenyewe. Lina hatua 25, kila moja katika mstari wake. Safu ya kwanza yataja namba ya hatua. Zinazofuata zataja tendo, nguzo zinazotumiwa na nguzo zinazopokea jibu. Kisha ipo safu inayoonyesha ni nguzo ipi iliyobadilika thamani na ni ipi iliyobaki vilevile. Baada yake yaja maelezo ya jibu lililopatikana, na upande wa kulia nguzo zote zimepangwa, kila moja na kilichomo ndani yake. Msomaji anaposhuka mstari kwa mstari huiona hali ya mashine katika kila hatua, kama vile mwandishi wa programu wa leo anavyoiona katika madirisha yake.

Tuchukue mfano wake. Nguzo ya 1 ina 1, ya 2 ina 2, na ya 3 ina 4. Hatua ya kwanza: zidisha nguzo ya 2 kwa ya 3, jibu ni 8, nalo linawekwa katika nguzo za 4, 5 na 6. Hatua ya pili: toa 1 katika nguzo ya 4, inabaki 7. Hatua ya tatu: ongeza 1 katika nguzo ya 5, inakuwa 9. Hatua ya nne ni kugawanya 7 kwa 9, ili jibu liingie nguzo ya 11.

Lakini katika jedwali lililochapishwa, hatua ya nne yaamuru nguzo ya 5 igawanywe kwa nguzo ya 4, yaani 9 kwa 7. Mpangilio umegeuzwa. Safu ya majibu, katika mstari huohuo, ina jibu lililo sawa. Mashine ambayo ingetii agizo kama lilivyoandikwa ingeendelea na 9/7 mahali pa 7/9, na mwisho ingetoa namba isiyo sahihi badala ya hasi 1/30 iliyotakiwa. Liwe la mwandishi au la mpiga chapa, kosa hilo lilibaki katika kazi iliyosahihishwa mara nyingi na watu wawili wenye akili nyingi.

Hapa yafaa tutue kidogo. Kosa hili tunalijua leo kwa sababu Ada alizionyesha hatua zake. Angeandika jibu la mwisho pekee, pasingekuwa na mahali pa kuweka kidole. Jedwali lilelile lililobeba kosa ndilo linalolifichua: safu mbili za mstari mmoja hazipatani, na yeyote anayefuata kwa subira huliona.

Mwisho wa Maisha Yake

Miaka yake ya mwisho ilikuwa mizito. Alipata hasara na madeni katika kamari ya mbio za farasi, kisha akaugua saratani ya mfuko wa uzazi. Alifariki dunia tarehe 27 Novemba 1852, akiwa na umri wa miaka 36, umri uleule aliofia baba yake. Kwa matakwa yake alizikwa kando ya baba huyo katika kanisa la Hucknall. Kazi yake ilikaa miaka mingi bila kushughulikiwa na wengi, mpaka ilipochapishwa tena mwaka 1953, kompyuta zilipokuwa zimeanza kutumika. Baadaye Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliipa lugha yake mpya ya programu jina la Ada.

Funzo kwa Mwalimu

Ada aliandika kwamba mashine haianzishi jambo lolote yenyewe; hutenda lile tu tunalojua kuiagiza. Kwa hiyo jibu baya la mashine ni ushahidi wa agizo baya, nalo hutafutwa kwa utulivu. Mtoto si mashine, lakini mara nyingi kosa lake nalo lina kanuni inayofuatwa kwa uaminifu.

Turudi kwa yule aliyepata 35. Mwalimu achore ubaoni jedwali lenye safu nne: hatua, tendo, namba zilizotumika, jibu. Amwombe mtoto aseme alichofanya, naye aandike bila kusahihisha. Hatua ya kwanza, mamoja: 7 kutoa 2, jibu 5. Hatua ya pili, makumi: 5 kutoa 2, jibu 3. Sasa darasa zima laona. Hatua ya pili ina mpangilio ulio sawa, ila mtoto hakujua kwamba kumi moja lilipaswa kuchukuliwa. Kosa lilizaliwa katika hatua ya kwanza, ambapo 2 kutoa 7 iligeuzwa ikawa 7 kutoa 2. Ni kosa la jamii moja na lile la mwaka 1843, kwani kutoa na kugawanya havikubali kugeuzwa mpangilio. Mtoto akiambiwa hivyo hujua kwamba hakukosa kwa ujinga, na kwamba hata kazi ya wakubwa hukaguliwa kwa njia hiihii.

Mwalimu anayekubali kuchora jedwali hupoteza dakika tano. Mwalimu anayekataa huendelea kutia alama ileile ya kosa muhula mzima, na mtoto huanza kuamini kuwa hesabu si zake. Hasara hiyo ya pili ni vigumu kuifidia.

Maswali ya Kujadiliana

1. Chora jedwali la hatua kwa mtoto aliyeandika kuwa 1/2 kujumlisha 1/3 ni 2/5. Ni katika hatua gani ungelisimamisha darasa, na ungeuliza nini?

2. Kuna hatari gani mwalimu akilisahihisha kosa kabla mtoto hajamaliza kueleza hatua zake?

3. Mkiwa wawili wawili, mmoja awe mashine inayotii maagizo kama yalivyoandikwa, mwingine aandike maagizo ya kutafuta wastani wa namba tatu. Badilishaneni nafasi, kisha elezeni mlipoona agizo lenye kasoro.