Louis Pasteur, mwanakemia aliyetenganisha kulia na kushoto

Wengi wanamfahamu Louis Pasteur kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Lakini Mfaransa huyo, aliyezaliwa mjini Dole tarehe 27 Desemba 1822, hakuwa daktari. Baba yake alikuwa fundi wa ngozi, naye alisomea kemia. Kazi iliyomtambulisha aliifanya Paris mwaka 1848, akiwa na miaka 25.

Wakati huo kulikuwa na fumbo. Asidi mbili zilizopatikana katika utengenezaji wa divai zilikuwa na viini vilevile, kwa kiasi kilekile. Hata hivyo, mwanga ulioelekezwa upande mmoja ulipopita katika maji ya asidi ya kwanza, uligeuka kulia. Katika ya pili haukugeuka hata kidogo.

Pasteur alikausha chumvi ya asidi ya pili hadi ikatoa kristali, kisha akazichunguza moja moja. Akagundua ziko za aina mbili: nyingine zimeinama kulia, nyingine kushoto. Zilifanana kama mikono miwili ya mtu, ambayo huwezi kuivalisha glovu moja. Alizitenga kwa mkono, akaziyeyusha mbalimbali. Kundi moja liligeuza mwanga kulia, lingine kushoto. Alipoyachanganya sawasawa, mwanga haukugeuka tena, kwani kila upande ulifuta kazi ya mwenzake.

Mzee Jean-Baptiste Biot, bingwa wa elimu ya mwanga, hakukubali upesi. Alimtaka kijana huyo arudie jaribio mbele yake, kwa vifaa alivyoandaa mwenyewe. Matokeo yalikuwa yaleyale, na tangu hapo Biot akawa mlezi wake.

Miaka michache baadaye, Pasteur aliona kuvu ikila asidi ya kulia na kuiacha ya kushoto. Hivyo alijua kwamba viumbe hai huchagua upande. Njia hiyo ilimfikisha kwenye uchachu na mikrobi, na mwaka 1885 kwenye chanjo iliyotolewa kwa mtoto Joseph Meister, wa miaka 9, aliyeumwa na mbwa.

Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895. Somo lake la kwanza bado limo katika dawa za leo. Vidonge vingi vya ibuprofeni vina aina zote mbili, ya kulia na ya kushoto, lakini moja tu ndiyo hasa inayotuliza maumivu. Kwa dawa nyingine, upande usiofaa unaweza kudhuru. Ndiyo maana watengenezaji wa dawa huchunguza kila upande peke yake.