Herman Hollerith: Aliyeliweka Taifa Ndani ya Matundu

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mwenye duka, daftari moja na kalamu moja vilitosha. Lakini itakuwaje iwapo kinachohesabiwa ni watu milioni 50, na kila mmoja wao ana umri wake, jinsia yake, kazi yake na mahali alikozaliwa? Swali hilo ndilo lililomwandama Herman Hollerith kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Jibu alilolitoa liliathiri mno namna data inavyohifadhiwa, tangu zama za kadi hadi zama za tarakilishi.

Hollerith alizaliwa tarehe 29 Februari 1860 mjini Buffalo, katika jimbo la New York nchini Marekani. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ujerumani. Alisomea uhandisi wa migodi katika Chuo cha Columbia na kuhitimu mwaka 1879, akiwa na umri wa miaka 19 tu. Muda si muda akaajiriwa katika sensa ya Marekani ya mwaka 1880. Huko alikuta makarani wengi wakinakili taarifa za wananchi kwa kalamu, alama baada ya alama, kisha wakizihesabu upya kila lilipozuka swali jipya. Kazi hiyo ilikula miaka mingi ya mwongo uliofuata. Maadamu watu walizidi kuongezeka, ilihofiwa kwamba ingefika siku sensa moja isikamilike kabla ya nyingine kuanza.

Daktari John Shaw Billings, aliyesimamia takwimu za vifo katika sensa hiyo, ndiye aliyemdokezea kijana huyo kwamba kazi kama ile ilistahili kufanywa na mtambo. Hollerith hakuliacha wazo hilo. Mwaka 1882 alikwenda kufundisha uhandisi katika chuo cha MIT, kisha akafanya kazi katika ofisi ya hataza mjini Washington, na wakati huo wote aliendelea na majaribio yake. Mnamo Septemba 1884 aliwasilisha ombi lake la kwanza la hataza.

Jaribio lake la awali halikuwa la kadi, bali la utepe mrefu wa karatasi. Taarifa za kila mtu zilitobolewa kwa safu, mtu mmoja akimfuata mwingine. Hollerith hakukawia kuiona kasoro yake. Aliyetaka habari za watu wachache tu waliokuwa katikati ya utepe alilazimika kuupitisha utepe wote tangu mwanzo. Tena, haikuwezekana kuwatenga wakulima na wavuvi, au kuwapanga upya kwa umri, bila kuukata utepe wenyewe. Ndipo alipoamua kwamba kila mtu awe na kadi yake. Inasimuliwa kwamba wazo hilo alilipata safarini, alipomwona mkaguzi wa garimoshi akitoboa tiketi mahali maalumu ili kuonyesha sura na maumbile ya abiria, asije mwingine akaitumia.

Uamuzi huo wa kuuacha utepe na kushika kadi ndio kiini cha mchango wake. Kadi zaweza kupangwa, kutengwa, kuchanganywa na kupangwa tena, ilhali utepe una mwanzo na mwisho tu. Tofauti hii baina ya hifadhi inayosomwa kwa mfuatano na ile inayofikiwa kipande kwa kipande ingali msingi wa kulinganisha vihifadhi data hata leo.

Mtambo wenyewe ulikuwa sahili kuueleza. Kadi iliwekwa chini ya sindano nyingi zenye springi. Palipokuwa na tundu, sindano ilipenya na kugusa zebaki iliyokuwa katika kikombe kidogo chini yake. Umeme ulipita, na mshale wa saa ya kuhesabia ukasogea hatua moja. Pasipokuwa na tundu, sindano ilizuiwa na karatasi. Kuwepo au kutokuwepo kwa tundu kulikuwa ndiyo na la ya mashine.

Kabla ya sensa ya mwaka 1890 yalifanyika mashindano baina ya mbinu tatu. Katika kujumlisha data, mtambo wa Hollerith ulitumia saa 5 na dakika 28. Wapinzani wake wawili walitumia saa 44 na dakika 41, na saa 55 na dakika 22. Hollerith akapewa kazi. Kabla ya mwaka 1890 kwisha, jumla ya watu ikatangazwa: zaidi ya milioni 62. Wananchi wengi walikuwa wametarajia idadi kubwa zaidi, na baadhi ya magazeti yaliilaumu mashine kwa kosa ambalo halikuwa lake. Hata hivyo, sifa zake zilivuka mipaka. Austria, Kanada na Norway ziliitumia mitambo hiyo, na Urusi ikafuata katika sensa ya mwaka 1897.

Mwaka 1896 Hollerith alianzisha kampuni yake, Tabulating Machine Company. Hakupendelea kuuza mitambo. Aliikodisha, na wateja wakanunua kadi kwake. Biashara ilistawi, lakini tabia yake ya ukaidi ilimponza. Alipozozana na Ofisi ya Sensa kuhusu malipo, hakukubali kulegeza kamba. Ofisi hiyo ikamgeukia fundi mwingine, James Powers, aliyeiundia mitambo kwa ajili ya sensa ya mwaka 1910. Hivyo Hollerith akapoteza kazi ileile iliyompa jina. Mwaka 1911 aliiuza kampuni yake, nayo ikaunganishwa na nyingine kuwa Computing-Tabulating-Recording Company. Mwaka 1924, chini ya uongozi wa Thomas J. Watson, kampuni hiyo ilibadilishwa jina na kuitwa IBM.

Mnamo Januari 1921, mwaka uleule ambao Hollerith alistaafu, moto ulizuka katika jengo la Wizara ya Biashara mjini Washington. Fomu asilia za sensa ya mwaka 1890, zilizoandikwa majina ya watu kwa mkono, ziliteketea au kuharibiwa vibaya. Katika miaka ya 1930 masalio yake mengi yaliangamizwa kwa idhini ya Bunge. Kadi za Hollerith hazikuweza kuziba pengo hilo. Zilikuwa zimetobolewa umri, jinsia na kazi, lakini jina halikutobolewa. Sensa iliyohesabiwa kwa kasi kuliko zote zilizoitangulia ikawa ndiyo ambayo wajukuu hawawezi kuwatafuta babu zao ndani yake, ila katika vipande vichache vilivyosalia.

Hollerith aliaga dunia tarehe 17 Novemba 1929 mjini Washington. Mwaka mmoja kabla ya hapo IBM ilikuwa imetoa kadi ya safu 80, iliyobeba herufi 80. Kadi hiyo ilitawala kwa miongo mingi, na ni kipimo kizuri cha kuvilinganisha vihifadhi vilivyokuja baadaye.

Mwaka 1951 Ofisi ya Sensa ya Marekani ilipokea tarakilishi ya UNIVAC, iliyotumia utepe wa sumaku. Utepe ulikuwa umerudi, wenye kasi na ujazo mkubwa, lakini na kasoro yake ya kale ya mfuatano. Mwaka 1956 IBM ikatoa diski ngumu ya kwanza: sahani 50 zilizobeba herufi milioni 5, sawa na kadi 62,500. Kichwa cha kusomea kiliweza kwenda moja kwa moja kwenye habari iliyotakiwa. Hoja ya Hollerith dhidi ya utepe ilikuwa imezaliwa upya kwa sumaku. Baadaye diski laini ya inchi tatu na nusu ilibeba mzigo wa kadi zaidi ya 18,000. Sidii, inayosomwa kwa leza juu ya vishimo vidogo mno, ilibeba mzigo wa kadi milioni 8 hivi. Flashi za kwanza za mwaka 2000, zenye megabaiti 8, zilitosha kadi 100,000.

Hata hivyo, ujazo si kigezo pekee. Diski ngumu ni nafuu kwa data nyingi, lakini ina viungo vinavyozunguka, hivyo huogopa kuanguka. Flashi haina kiungo kinachosogea na husoma upesi, ila huchakaa kwa kuandikwa mara nyingi, na haifai kuachwa kabatini miaka mingi kama hifadhi ya pekee. Utepe wa sumaku ni mzito wa kutafutiwa jambo moja, lakini ungali unatumika katika maghala makubwa ya data kwa kuwa ni rahisi na hudumu. Kadi ilibeba machache kuliko vyote, lakini matundu yake yalionekana kwa macho, hata bila umeme.

Maisha ya Hollerith yanadhihirisha kwamba kihifadhi cha kuhesabia upesi na kihifadhi cha kukumbuka milele si lazima viwe kimoja. Mwanafunzi anayeibeba tasnifu yake yote ndani ya flashi moja anarudia, bila kujua, kosa la sensa ya mwaka 1890. Kosa hilo halikuwa la mashine. Lilikuwa la kuweka nakala pekee ya kitu cha thamani mahali pamoja, na kuamini kwamba kwa kuwa kimekwisha kuhesabiwa, kimekwisha kuhifadhiwa.